Kanisa Likishaungua: Madai ya Bima Kwanza, Ramani Baadaye

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mhazini wa kanisa letu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu sadaka, kulipa bili na kuwakumbusha watu ahadi zao. Kisha usiku mmoja paa likaungua, na kesho yake nikajikuta nasoma mkataba wa bima ambao nilikuwa nimeulipia kila mwaka bila kuufungua. Mengi ya yaliyomo humu niliyajua kwa kuchelewa. Mengine nimeyaokota kwa wahandisi, kwa watathmini, na kwa makanisa mengine mawili yaliyopitia mkasa kama wetu.

Kuna maswali mawili, na yatenganishwe tangu siku ya kwanza. La kwanza: tulikuwa na nini, na bima inawajibika kulipa nini? La pili: sasa tunataka kujenga nini? La kwanza linatazama nyuma na hujibiwa kwa vielelezo. La pili linatazama mbele na hujibiwa kwa maombi, hesabu na mabishano. Nunueni madaftari mawili, kweli kabisa, mawili yenye rangi tofauti, na muwape watu tofauti wayashike. Makanisa niliyoyaona yakipoteza fedha yalizipoteza pale kurasa za daftari moja zilipohamia kwenye jingine: kwaya inaandika spika ilizokuwa ikiziota kwenye orodha ya zilizoungua, au wazee wanakubali fidia ndogo haraka haraka kwa sababu mkandarasi ameshaleta mchoro mzuri.

Hatua ya kwanza: msifagie

Asubuhi ile, kabla zimamoto hawajamaliza kukunja mipira yao, akina mama wa kanisa walikuwa wameshafika na mafagio. Hakuna aliyewaita. Walisafisha upande wote wa madhabahu, wakarundika nje mabaki ya mapazia, waya zilizoyeyuka na vipande vya swichibodi, na muumini mwenye pikapu akavipeleka jalalani. Ulikuwa upendo mtupu. Siku sita baadaye mtathmini wa hasara, yaani mtu anayetumwa na kampuni ya bima kupima hasara, alipouliza moto ulianzia wapi, tulimwonyesha sakafu safi.

Mabaki yakae yalipo mpaka kampuni ya bima iseme kwa maandishi kwamba yanaweza kuondolewa. Kama kuna kitu ni lazima kisogezwe kwa ajili ya usalama, kipigeni picha kikiwa mahali pake, kisha kisogezwe ndani ya eneo la kanisa. Swichibodi, mita, jiko, mtungi wa gesi, kinara cha mishumaa: hivyo ndivyo vinavyosimulia chanzo, na mara nyingi ndivyo vya kwanza kutupwa kwa sababu vinatia uchungu kuvitazama.

Hata hivyo, kutofagia si kukaa mmekunja mikono. Karibu kila mkataba wa bima unamtaka mwenye mali azuie hasara isiongezeke. Mvua ikinyesha siku ya nne na kuta zikalowa ilhali mngeweza kuzifunika, hasara hiyo ya mvua inaweza kuachwa mgongoni mwenu. Kateni umeme na gesi, funikeni kwa turubai, zibeni madirisha kwa mbao, wekeni mlinzi, na mtunze kila risiti, kwa sababu gharama hizi kwa kawaida huingia kwenye madai. Mtu asiingie ndani kabla ya mhandisi kuruhusu. Ukuta uliopoteza paa hauna kitu kinachoushikilia juu. Unaweza kusimama wiki nzima, kisha upepo wa jioni moja ukaulaza.

Masizi nayo si vumbi la kawaida. Yana asidi, yanaendelea kula chuma na shaba siku nyingi baada ya moto kuzimwa, na ukiyasugua kwa kitambaa kibichi unayapaka ndani zaidi ya ukuta. Vifaa vya umeme ndivyo vinavyoumia kimya kimya. Kinanda chetu kilikuwa chumba cha pembeni, moto haukukigusa. Kijana mmoja wa kwaya akakipangusa, akakichomeka kwenye umeme wa jirani aone kama ni kizima. Kilitoa noti moja, kisha harufu. Fundi alituambia baadaye kwamba kabla ya kuwashwa huenda kingesafishika.

Rejista za ubatizo na ndoa zikilowa, ukungu huweza kuanza ndani ya siku moja au mbili. Msizianike juani wala msizifungue ukurasa kwa ukurasa. Kila kitabu kitiwe kwenye mfuko wa plastiki kikiwa kimefungwa hivyo hivyo, kiingie kwenye friza. Kugandisha hakukikaushi kitabu, ila kunausimamisha ukungu na kuwapa muda wa kutafuta mhifadhi wa nyaraka. Rejista yetu ya ndoa ilikaa miezi miwili kwenye friza ya mzee mmoja wa kanisa, na mkewe alikuwa akiwaonyesha wageni.

Kampuni ya bima ipigiwe simu siku hiyo hiyo, kisha iandikiwe, maana simu haina nakala. Ombeni taarifa ya maandishi ya zimamoto, na ya polisi kama walifika. Nakala halisi zibaki kwenu.

Hatua ya pili: someni mkataba kwa sauti

Kama mkataba umeungua pamoja na ofisi, wakala au dalali aliyewauzia ana nakala, na kampuni inayo pia. Ombeni nakala kamili, pamoja na viambatanisho na marekebisho ya miaka iliyopita, si ule ukurasa mmoja wa mbele wenye muhuri. Ketini watu watatu au wanne, mmoja asome, wengine wamsimamishe kila wanapokwama. Sisi ilituchukua jioni mbili.

Anzeni na jina. Aliyekata bima anapaswa kuwa ndiye mwenye mali kisheria: bodi ya wadhamini, dayosisi, jimbo, au chombo chochote kilichosajiliwa. Mkataba ukiwa kwa jina la mchungaji aliyehama zamani, lirekebisheni jambo hilo mapema na kwa uwazi, msingoje ligunduliwe siku ya malipo. Kama jengo limewekwa rehani, benki nayo ina haki katika fidia na lazima ijulishwe.

Kisha tafuteni msingi wa malipo. Kuna mikataba inayolipa gharama ya kujenga upya kwa bei za leo, na kuna inayokata uchakavu. Tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Paa lililotarajiwa kudumu miaka 40, likiungua likiwa na miaka 20, kwa hesabu rahisi ya uchakavu linalipwa nusu, wakati mwenye kuuza mabati hatawauzia nusu ya bei. Mkataba wa kujenga upya nao mara nyingi una sharti: mnalipwa kwanza kiasi kilichokatwa uchakavu, na kilichobaki mnapewa mkiisha kujenga kweli, ndani ya muda uliowekwa. Muda huo uandikeni kwenye jalada la daftari la kwanza kwa kalamu nyekundu.

Halafu kuna kanuni ya wastani, na hapa naomba mvumilivu wa hesabu anisogelee. Tuseme kulijenga kanisa lenu upya kungegharimu mafungu 100 ya fedha, nanyi mmelikatia bima ya mafungu 60. Moto umekula sehemu tu, hasara ya mafungu 40. Kila mtu kwenye kikao atasema: 60 ni zaidi ya 40, basi tutalipwa yote. Mkataba wenye kanuni ya wastani hauhesabu hivyo. Unasema: mlibeba bima ya asilimia 60 ya jengo, kwa hiyo kila hasara italipwa asilimia 60 yake, na asilimia 40 iliyobaki ni mzigo wenu wenyewe. Asilimia 60 ya 40 ni 24. Mafungu 16 yaliyobaki ni ya kanisa. Toeni tena ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unawataka mjigharamie, na 24 inashuka zaidi.

Makanisa huangukia shimo hili bila ujanja wowote. Jengo lilithaminiwa lilipozinduliwa, kisha bei za saruji, nondo na mbao zikapanda, kisha ukaongezwa ukumbi, na mhazini (namsema mimi) akaendelea kulipa kiasi kile kile kila mwaka akijisifu kwa kubana matumizi.

Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili. Mtathmini ataleta namba mbili: thamani ya hasara na thamani ya jengo zima. Watu wote hubishania ya kwanza. Ya pili nayo inakata: jengo zima likithaminiwa 120 badala ya 100, fidia ya ile hasara ya 40 inashuka kutoka 24 hadi 20, hata kama hasara yenyewe hamkubishana. Kwa hiyo mkadiriaji majenzi wenu, yaani mtaalamu wa kukadiria gharama za ujenzi, apime yote mawili, na muulize namba ya jengo zima imejumuisha nini. Kwetu ilikuwa imejumuisha msingi na uzio, vitu ambavyo mkataba wetu haukuvikatia bima.

Mwisho pekueni nyongeza. Kuondoa kifusi, ada za msanifu na mhandisi, gharama za kufuata sheria mpya za ujenzi, kodi ya mahali pa muda: kila kimoja kinaweza kuwemo chenye kikomo chake, au kisiwemo. Hakuna atakayewakumbusha msipodai.

Hatua ya tatu: mdomo mmoja, na msamaha usioandikwa

Chagueni kamati ndogo, watu watano wanatosha, na mtu mmoja tu awe ndiye anayezungumza na kampuni ya bima. Ningependa asiwe mchungaji. Mchungaji ana watu wanaolia wa kuwahudumia, na tena si vizuri yeye akae meza moja akidai kwa ukali na kesho asimame kuhubiri upole. Kila mazungumzo ya simu yafuatwe na barua fupi: leo saa fulani tumekubaliana hivi. Daftari la kwanza liwe na tarehe, jina la aliyezungumza, na alichosema.

Chanzo cha moto kisitangazwe madhabahuni. Tangazo la "inasemekana ni mishumaa ya vijana" huumiza vijana, na pia linaweza kurudi kwenu likiwa limeandikwa kwenye ripoti.

Kuna mtego mmoja ambao naona unalikamata kanisa kuliko duka au kiwanda. Fundi umeme aliyefunga zile waya anakuja akilia, naye ni muumini. Wazee wanamkumbatia, wanamwandikia barua kwamba kanisa limemsamehe na halina dai lolote juu yake. Kumbe kampuni ya bima ikishawalipa inarithi haki yenu ya kumdai aliyesababisha hasara, na mkiwa mmeshaifuta haki hiyo kwa maandishi mmeiharibia. Inaweza kukataa kulipa au kupunguza. Mwombeeni, mtembeleeni, muwe naye. Karatasi msiandike kabla ya kuuliza kampuni au mwanasheria. Vivyo hivyo kwa jirani ambaye moto ulitokea kwake, au ambaye moto wenu ulimfikia: msikiri wala msikatae wajibu kwa maandishi, pelekeni barua yake kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: orodha ya mali, na picha za harusi

Mtathmini wetu alikuwa mtu mtaratibu, anaandika kwa penseli. Aliuliza mabenchi yalikuwa mangapi. Mzee wa kwanza akasema 40. Wa pili akasema hapana, 44, yale ya nyuma umeyasahau. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa akiyapanga kila wiki, akasema 38 na mengine ni viti. Yule bwana akaweka penseli chini, akatutazama, akasema angerudi.

Jioni ile binti mmoja wa kwaya akatoa wazo lililotuokoa: kila harusi iliyofungwa pale ilipigwa picha. Tukaomba picha na video kwa waumini, za harusi, ubatizo, mazishi, sikukuu. Zikaja mamia. Tukasimamisha video ya bibi harusi akiingia, tukahesabu mabenchi safu kwa safu wakati kamera inamfuata. Nyuma ya bega la bwana harusi mmoja ilionekana spika yenye jina la mtengenezaji, na ukikuza picha unasoma hata aina yake. Feni za dari tulizihesabu kwenye picha ya mtoto aliyebebwa na baba yake mabegani. Mabenchi yalikuwa 42. Wazee wote watatu walikosea.

Fanyeni hivyo, chumba kwa chumba, mkianzia mlangoni na kuzunguka upande mmoja. Kwa kila kitu: kilikuwa wapi, kilinunuliwa lini, kwa kiasi gani au kilitolewa na nani, kingegharimu kiasi gani leo, na kinathibitishwa na nini. Taarifa za benki zinaonyesha malipo hata risiti zikiwa zimeungua. Wauzaji hutunza nakala za ankara. Kabatini na stoo ndiko kunakosahaulika: vitabu vya nyimbo, kanzu za kwaya, vyombo vya meza ya Bwana, zana za usafi, waya za maikrofoni.

Mali ya watu binafsi iwe na ukurasa wake. Gitaa la besi la muumini lililokuwa likilala kanisani huenda halimo kabisa katika bima ya kanisa. Someni kifungu chake na mumwambie ukweli mapema. Na jambo ambalo ni la aibu kuliandika lakini lazima: mtu asiongeze kitu ambacho hakikuwapo. Spika moja ya kubuni inaweza kuangusha dai zima, kwa sababu udanganyifu katika sehemu huweza kuipa kampuni haki ya kukataa yote.

Hatua ya tano: kuta zinasemaje

Mtathmini wa hasara huteuliwa na kulipwa na kampuni ya bima. Wengi ni waadilifu, ila jueni amekaa upande gani wa meza. Nanyi leteni mhandisi wa miundo wenu, na kama hasara ni kubwa, mtathmini wenu pia. Ulizeni ada yake kabla, maana wengine hutaka asilimia ya fidia.

Jengo lililoungua hudanganya macho pande zote mbili. Nguzo ya mbao nene inaweza kuwa nyeusi tii nje na bado ina nguvu ndani, kwa sababu mbao huungua taratibu, karibu milimita 0.7 kwa dakika, na lile kaa la nje huukinga moyo wake. Kenchi za chuma chembamba zinaweza kuonekana safi ilhali zimelegea: chuma kikifika nyuzi joto 550 hivi hubakiwa na karibu nusu ya nguvu zake, na moto wa kawaida wa ndani ya jengo hupita hapo bila shida. Zege mara nyingi hubadilika rangi na kuelekea waridi kuanzia nyuzi 300 hivi. Mhandisi akigonga plasta na kuchimbua akakuta waridi karibu na nondo, ukuta au nguzo hiyo ina hadithi nyingine kuliko rangi yake ya nje. Takeni apime, apige picha, na aandike sehemu gani ya jengo inaweza kubaki, ipi iimarishwe, ipi ibomolewe. Ripoti hiyo ni ya daftari la kwanza, lakini daftari la pili haliwezi kufunguliwa bila hiyo.

Majengo ya zamani yana jambo moja zaidi. Mabati au vigae vya asbesto, na rangi zenye madini ya risasi, vikiungua hutawanya vumbi la hatari. Hapo kujitolea kuondoa kifusi kwa mikono mitupu ni marufuku. Gharama ya watu wenye vifaa iingie kwenye madai.

Hatua ya sita: ofa ya kwanza

Itakuja mkiwa mmechoka. Itakuwa na hati ya kutia sahihi, na ndani yake maneno yenye maana kwamba malipo haya ni kamili na ya mwisho. Msisaini siku hiyo. Ombeni mchanganuo: kila kipengele kimekubaliwa kiasi gani, kimekatwa nini, kwa kifungu kipi. Pale msipokubaliana, jibuni kipengele kwa kipengele, mkiambatanisha ripoti ya mhandisi na makadirio ya mkadiriaji majenzi. Kuna sehemu ambazo hakuna mabishano, na kwa hizo ombeni malipo ya awali wakati zile nyingine zinaendelea kujadiliwa. Sisi hatukujua kwamba jambo hilo linaombwa, tukakaa miezi mitano tukikodi ukumbi kwa sadaka.

Mkikwama kabisa, kwanza andikeni malalamiko rasmi kwa kampuni yenyewe, kisha nendeni kwa mamlaka ya bima ya nchi yenu au kwa msuluhishi aliyetajwa kwenye mkataba. Kesi mahakamani ni ya mwisho, na ina muda wake wa kufunguliwa.

Sala ziendelee wapi? Popote panapotosha, kwa mkataba mfupi unaoweza kuongezwa mwezi kwa mwezi. Waulizeni bima kama mkataba wenu unamlipia mtu akiumia pale mahali pa muda. Basi.

Hatua ya saba: sasa daftari la pili

Swali la kujenga nini lisianze na mchoro. Mchoro ukishaonekana, watu huupenda, na mnajikuta mnatafuta fedha za kuufuata. Liacheni kanisa liomboleze kwanza, wiki kadhaa, kisha kaeni na maswali makavu: waumini wanaohudhuria kweli ni wangapi, si walioandikwa? Ni vyumba gani vilikuwa vitupu siku sita za wiki? Kiwanja ni cha nani, na sheria za sasa za mipango miji zinaruhusu nini juu yake? Kanisa la zamani huenda lilijengwa kabla ya masharti ya milango ya dharura, njia ya viti vya magurudumu na umbali kutoka barabara. Jipya litatakiwa kuyatimiza yote, na nafasi ya kukaa inaweza kupungua.

Mabishano ya "lirudi kama lilivyokuwa" dhidi ya "tujenge la kisasa" hayana jibu moja, na si ya kanisa lenu peke yenu. Coventry, Uingereza, baada ya kanisa kuu kuteketezwa kwa mabomu usiku wa 14 Novemba 1940, waliacha magofu yasimame na kujenga jipya pembeni yake, likawekwa wakfu 1962. Dresden, Ujerumani, kanisa la Frauenkirche lililoanguka Februari 1945 lilibaki rundo la mawe kwa miongo, kisha likajengwa upya kwa umbo lile lile, maelfu ya mawe yale meusi yakirudishwa ukutani, na kufunguliwa 2005. Notre-Dame ya Paris, iliyoungua 15 Aprili 2019, kulikuwa na waliotaka mnara wa kisasa. Mwishowe ikaamuliwa urudi kama ulivyokuwa, na milango ikafunguliwa tena Desemba 2024. Notre-Dame lakini isiwe kipimo chenu cha fedha: ni mali ya serikali ya Ufaransa, inayojibebea hasara zake yenyewe, na michango ilitoka dunia nzima.

Ninyi mna njia zaidi ya mbili. Kukarabati kilichobaki. Kujenga dogo kuliko la mwanzo. Kujenga kwa awamu. Kuhama. Hata kuungana na kanisa jirani, ingawa mtu wa kwanza kulitamka hilo kwenye kikao chetu alitazamwa kama msaliti. Kila njia iandikiwe ukurasa mmoja: gharama, fidia inayoweza kutumika, pengo linalobaki, na muda. Hapa ulizeni bima swali moja kwa maandishi: tukijenga tofauti, au mahali pengine, mtalipa kwa msingi upi? Mikataba mingine inaruhusu mkitumia fedha ile ile kwenye kiwanja kingine. Mingine inarudi kwenye thamani iliyokatwa uchakavu. Na lolote mtakalojenga bora kuliko lililoungua, tofauti yake ni juu yenu. Mabenchi ya mbao yakiwa viti vya kukunja vyenye mito, bima italipa mabenchi.

Uamuzi upitishwe na mkutano halali wenye akidi kama katiba ya kanisa inavyosema, na muhtasari uwekwe sahihi. Miaka miwili mbele, wakati fedha zimekatika na paa halijafika, muhtasari huo ndio utakaozuia ugomvi.

Hatua ya nane: fedha na mafundi

Akaunti mbili, moja ya fidia na moja ya michango, kila moja na watia sahihi wasiopungua wawili ambao si ndugu. Mtu aliyechangia paa hataki kusikia limekuwa kinanda; andikeni kusudi la kila mchango na mliheshimu. Michango ya vifaa ni baraka yenye masharti: mabati yaliyotolewa na watu kumi yatakuwa ya unene wa aina kumi. Mhandisi ataje vipimo, nanyi mtangaze vipimo hivyo kabla ya kuomba.

Mkandarasi apatikane kwa zabuni ya makadirio yale yale, si kila mmoja kwa orodha yake. Alipwe kwa hatua zilizokamilika na kuthibitishwa na mhandisi, na kila malipo yazuiliwe kiasi, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, mpaka muda wa kurekebisha kasoro upite. Muumini mwenye kampuni ya ujenzi anaweza kuomba kazi kama wengine, ila basi asiwe kwenye kamati. Tulilegeza hili mara moja, kwenye milango tu, na bado hatusalimiani vizuri.

Kabla tofali la kwanza halijawekwa, hakikisheni kazi yenyewe ina bima, na kwamba kampuni yenu inajua jengo halitumiki. Mikataba mingi hupunguza kinga jengo likikaa tupu siku 30 au 60. Moto hupenda majengo yanayotengenezwa. Moto wa Notre-Dame ulizuka paa likiwa katikati ya ukarabati, ingawa chanzo chake hasa hakikuthibitishwa. Kazi ya kuchomelea, kukata chuma kwa grainda au kupasha lami ifanywe kwa kibali cha siku hiyo, mtungi wa kuzimia ukiwa pembeni, na mtu abaki pale akiangalia si chini ya saa moja baada ya fundi kuondoka. Cheche inayoingia kwenye mbao haina haraka.

Hatua ya mwisho: siku ya kuhamia

Kabla ya ibada ya kwanza, wakati viti bado vina vumbi la mbao, tembeeni na simu mkirekodi video: kila chumba, kila kabati likiwa wazi, namba ya kila kifaa ikisomwa kwa sauti. Ile yetu ina dakika 31 na mtu anapiga chafya mara mbili. Nakala iko nyumbani kwa katibu, nyingine kwenye intaneti, pamoja na mkataba mpya na ankara zote.

Thamani mpya ya jengo ipimwe na mkadiriaji majenzi kwa gharama ya kujenga upya, pamoja na kuondoa kifusi na ada, na ipelekwe kwa kampuni kwa barua. Msiridhike na "sawa, tumepokea"; subirini marekebisho ya mkataba yenye namba mpya ndani yake. Mkianzisha chekechea kwenye ukumbi, mkifunga sola, mkipangisha chumba, andikeni tena, maana jambo lililofichwa au kusahaulika ndilo hutafutwa siku ya dai. Kwetu barua hiyo huandikwa kila mwaka katika kikao cha bajeti, na mhazini wa sasa hana ruhusa ya kulipa bili ya bima kabla wazee watatu hawajasoma ile namba na kuweka sahihi.